Shemeji hajawahi kushika upanga, kanipiga 6 kwa 4 wikendi ya sikukuu. Nini kimetokea?

#1 MpiniMrefu
Wakuu, salaam. Nina swali linaloninyima usingizi tangu Jumatatu.

Mwaka wa nne sasa nacheza upanga mrefu wa Ulaya ya zama za kati, huu unaofufuliwa kutoka kwenye miswada ya walimu wa karne ya 14 hadi ya 16. Mazoezi mara mbili kwa wiki, sikosi. Wikendi hii ya sikukuu tulikuwa na siku tatu, ndugu wa mke wangu wakaja wote, na marafiki wawili wa klabu wakapita kusalimia. Nikatandaza vifaa nyuma ya nyumba: panga mbili za nailoni, barakoa mbili za wavu wa chuma, makoti mazito ya mazoezi, glavu na kinga za koo.

Jumamosi jioni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akasema naye anataka kujaribu. Hajawahi kushika upanga tangu azaliwe. Nikamweleza sheria kwa dakika tano: kichwa, mwili, mikono, miguu, popote ukigusa ni pointi moja, na aliyeguswa anasema mwenyewe. Tukacheza raundi 10. Mama mkwe yuko kwenye kiti chake anahesabu kwa sauti, binti wa shemeji mwenye miaka 12 anarekodi kwa simu.

Shemeji 6, mimi 4.

Sikumwachia. Nilipigana kweli. Yeye alikuwa na pigo moja tu, kutoka bega la kulia linashuka mshazari, akimaliza analirudia lile lile. Mara mbili akashuka kunifyeka mguu. Basi. Hajui mikao, hajui hata mikono inakaa wapi kwenye mpini. Mimi najua hayo yote, na mama mkwe akafika "sita" kabla yangu.

Jumapili nilimfundisha na Jumatatu tukarudia. Hiyo nitaileta baadaye. Kwanza nielezeni Jumamosi.

#2 Kimbunga77
Uzito mkuu. Panga halisi za zamani zilikuwa na kilo kama 10, ufundi wote ule ulitungwa kwa ajili ya chuma kizito. Mnachocheza nyinyi ni chepesi, kwa hiyo anayerusha mkono haraka anashinda. Umemleta mtu kwenye mchezo ambao si ule wa kwenye miswada.

#3 FundiBapa
Kimbunga, hapo hapana. Upanga mrefu halisi ulikuwa kati ya kilo 1.1 na 1.8, mwingi uko karibu na kilo moja na nusu. Hata zile panga kubwa za mikono miwili za askari wa karne ya 16 zilizotumika vitani nyingi zilikuwa kilo 2 hadi 3 na ushee. Yale mapanga ya kutisha unayoyaona yananing'inia makumbusho mengine yalitengenezwa kwa gwaride, hayakukusudiwa kumkata mtu. Hakuna binadamu anayezungusha kilo 10 dakika tatu akabaki na mabega.

Natengeneza mipini ya mbao na kuivisha ngozi, nimeshika bapa nyingi. Upanga mzuri ukiushika unauona mwepesi kuliko mizani inavyosema, kwa sababu uzito umerudi karibu na mkono. Kile kirungu cha chuma kilichoko mwisho wa mpini kinasaidia kazi hiyo.

#4 Kimbunga77
Nimekubali kilo. Sijakubali kwamba wepesi hauhusiki.

#5 NchaMbele
Mimi nasema ni woga. Nisikilizeni kabla hamjanirukia.

Fiore dei Liberi, mwalimu wa Kiitalia aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 15, anasema alipigana mara 5 na walimu wengine kwa panga zenye makali. Hakuvaa deraya, yaani vazi la chuma la vitani. Alikuwa na koti la kitambaa na glavu za ngozi tu. Kisha anasema jambo ambalo kila mchezaji angelibandika ukutani: ndani ya deraya nzuri mtu anaweza kupigwa mara nyingi na bado akashinda, lakini kwa upanga mkali ukikosa kinga moja umekufa. Ndiyo maana alisema angechagua kupigana mara 3 ulingoni na deraya kuliko mara 1 kwa makali bila deraya.

Sasa mtazame shemeji. Barakoa usoni, koti nene kifuani, mkononi nailoni. Aogope nini? Anaingia moja kwa moja. Wewe umefundishwa na watu waliokuwa wanaogopa kufa, kwa hiyo unasubiri, unajikinga, unatafuta nafasi salama. Yeye hatafuti usalama. Mtu asiyeogopa kufa ni mgumu kumpiga bila naye kukupiga. Mpe upanga wenye makali ya kweli uone kama anaingia hivyo. (Usimpe, nasema tu.)

#6 MamaPacha
NchaMbele nakuelewa, ila umemgeuza aliyeshinda kuwa ndiye mkosaji. Sheria alizopewa zilisema ukigusa unapata pointi. Hazikusema uogope. Yeye kacheza mchezo uliokuwepo, MpiniMrefu kacheza mchezo uliokuwepo miaka 600 iliyopita.

Nina pacha wa miaka 9, wana panga za sponji. Wananigusa kila wakati! Ninayekumbuka mikao minne ni mimi, wao wanakumbuka kwamba mama ana magoti. Na majina ya mikao waliyapenda sana: Fahali, Jembe, Mpumbavu, na ule wa juu. Kila mgeni aliyekuja sikukuu alilazimika kusimama kama Mpumbavu, ncha chini, wanamwambia "ngoja tukushambulie". Wakaenda wakagundua wenyewe kwamba Mpumbavu si mpumbavu, ni mtego: unamwachia mtu kichwa wazi aje.

#7 HesabuKwanza
Raundi 10 ni chache mno kudai chochote.

Tuseme kweli wewe ni bora na kwa wastani unachukua raundi 6 kati ya 10. Uwezekano wa kupata 4 au pungufu kwenye raundi 10 ni karibu asilimia 17. Yaani mara moja kati ya sita jambo hili litatokea bila sababu yoyote ya ziada. Kama wewe ni wa kushinda 7 kati ya 10, uwezekano unashuka hadi karibu asilimia 5. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe: ulitarajia kumshinda kwa kiasi gani?

#8 MpiniMrefu
Nilitarajia 9 kwa 1, HesabuKwanza. Nasema ukweli.

NchaMbele, ya Fiore imenigusa. Nimeirudia video ya binti kwa mwendo wa polepole usiku huu na kuna kitu. Katika zile raundi 6 za shemeji, 3 tumegusana wote wawili kwa pamoja. Mimi nikasema "nimeguswa", yeye hakusema, mama mkwe akampa pointi. Hakudanganya. Nahisi koti ni nene na hakusikia, na tena hakujua kwamba kuguswa kidogo nako kunahesabika.

Kwa hiyo hesabu halisi ni mimi 4, yeye 3, na 3 tumekufa wote.

#9 Kimbunga77
Mama mkwe kapendelea mwanawe. Uzi umekwisha.

#10 MpiniMrefu
Hapana, hapana. Mama alihesabu alichokisikia mdomoni mwangu. Ni mwamuzi wa haki kuliko wengi niliowahi kusimama mbele yao.

#11 NchaMbele
Kuna jumuiya ya Marekani iliyoanzia Berkeley, California, mwaka 1966, wanapigana kwa fimbo za henzirani na mfumo ni huo huo: aliyepigwa ndiye anayekubali. Unafanya kazi kwa sababu wote wamelelewa humo, wanajua pigo la kukubali likoje mwilini. Mgeni hawezi kujua siku ya kwanza. Kwa hiyo hapo mkosaji ni aliyeeleza sheria kwa dakika tano, si mama.

#12 BapaTupu
Mnamfariji bure. Kufa wote wawili si sare, ni kushindwa kwa aliyejifunza. Ufundi wote huu una kazi moja, kupiga bila kupigwa. Kama mtu wa siku ya kwanza amekulazimisha mfe wote mara 3 kati ya 10, amekubomolea kazi ya miaka minne mara 3. Zijumlishe na zile 3 zake safi unarudi kwenye 6. Mama mkwe alikuwa sahihi tangu mwanzo.

#13 MzeeWaNgao
Vijana, nyote mnatafuta mbali. Jibu limo kwenye mapokeo yenyewe ya Liechtenauer, mwalimu wa Kijerumani ambaye nusu ya panga za uzi huu zinatoka kwake.

Pigo la shemeji, kutoka bega la kulia kushuka mshazari, lina jina. Ni pigo la hasira, la kwanza kabisa katika mapigo matano makuu. Na maelezo ya karne ya 15 yanayolifafanua yanasema wazi kwamba pigo hili si kitu kingine bali ni pigo la kawaida la mkulima. Ndilo binadamu yeyote mwenye hasira analolitoa akishika fimbo ndefu. Walimu hawakulibuni, walilikuta kwa watu wakalichonga. Kwa hiyo shemeji hakuja mikono mitupu, alikuja na pigo bora kuliko yote, bila kujua jina lake.

Zaidi ya hapo, walimu wale wale walikuwa na neno kwa mtu anayeingia kwa nguvu bila ufundi: nyati. Na waliweka pigo maalumu la kumvunja nyati, akikata au akichoma. Ni pigo la makengeza, unalolitoa kwa makali ya nyuma, upanga ukiangalia pembeni kama jicho lenye makengeza. Kama waliandika dawa, ugonjwa ulikuwepo. Miaka 600 iliyopita kuna mwanafunzi alikwenda nyumbani sikukuu akapigwa na shemeji yake, nina hakika.

Swali langu kwa MpiniMrefu: ulimpiga la makengeza hata mara moja?

#14 MpiniMrefu
Sikumpiga, mzee. Hata halikunijia akilini. Klabuni tunalifanya kila Alhamisi.

#15 BapaTupu
Basi hapo ndipo. Unalijua Alhamisi, hulijui Jumamosi. Klabuni mwenzako anakupa pigo la mkulima kwa adabu, kwa mwendo unaokubalika, kwa umbali unaoujua. Kuna mswada mmoja wa mapokeo hayo hayo, wa mwaka 1389, unasema mazoezi ni bora kuliko ufundi, maana mazoezi bila ufundi yanafaa kitu lakini ufundi bila mazoezi haufai kitu.

#16 FundiBapa
Nakuunga mkono, ila mwaka tuuweke vizuri. 1389 unatokana na kalenda iliyomo ndani ya mswada. Haithibitishi kwamba maandishi yote yaliandikwa mwaka huo. Wengine wanayasogeza mbele kidogo.

Na hoja yenyewe inakugeukia: kati ya wawili hawa mwenye mazoezi ni nani? MpiniMrefu. Shemeji hana ufundi wala mazoezi.

#17 Kimbunga77
Mmesahau miguu. Kasema alifyekwa mguu mara mbili. Klabu nyingi zinafundisha kwamba ukilenga mguu utakatwa kichwa, kwa hiyo hakuna anayejizoesha kuulinda. Lakini vitani watu walikatwa miguu kweli kweli! Tazameni Visby, mwaka 1346 kule Ufaransa, makaburi yamejaa mifupa ya miguu iliyokatwa.

#18 MzeeWaNgao
Umechanganya vita viwili, mwanangu. 1346 Ufaransa ni Crécy. Visby ni kisiwani Gotland, Sweden ya leo, 27 Julai 1361, jeshi la Valdemar wa Nne wa Denmark dhidi ya wakulima wa kisiwa. Makaburi ya pamoja yalichimbwa karne ya 20, zaidi ya watu 1,100. Wengine walizikwa na deraya zao.

Ya miguu ni kweli lakini. Mifupa ya chini ya goti ina majeraha mengi sana.

#19 NchaMbele
Ni mengi, na maana yake haijakubaliwa. Wapo wanaosema ngao na deraya zilifunika juu, basi upanga ukaenda palipo wazi. Wapo wanaosema mtu alipigwa mguu ili aanguke, kisha akamalizwa. Tena kaburi linahifadhi majeraha yaliyofika kwenye mfupa tu, tumbo halihifadhiwi. Na wale walikuwa na ngao. Shemeji na MpiniMrefu hawakuwa nazo.

Bila ngao hesabu ni ya umbo tu. Bega liko juu, mguu uko chini, upanga unaoshuka kwenda mguuni unafika karibu kuliko ule unaokwenda mbele kwa usawa wa bega. Ukivuta mguu nyuma na kupiga kichwa wakati huo huo, wewe unafika na yeye hafiki. Liechtenauer anasema hivyo hivyo: anayelenga chini, mpite kwa juu. MpiniMrefu, uliuvuta mguu?

#20 MpiniMrefu
Mara moja niliuvuta nikampata kichwani. Ni moja ya zile 4. Mara ya pili nilichelewa.

#21 DadaDeraya
Habari zenu. Mimi ni wa mapambano ya deraya kamili, chuma kwa chuma, timu kwa timu. Ninalo la kusema lisilohusu pointi.

Kaka, ulimvisha glavu gani? Sisi wenye chuma mwilini tunajua maumivu ya mbavu, lakini katika mchezo wenu sehemu ninayowaona watu wanaharibika ni vidole. Miaka mitatu iliyopita niliazimwa glavu nyepesi kwenye mkusanyiko wa marafiki, siku ya sikukuu kama hiyo yenu, nikavunjika kidole gumba kwa pigo ambalo hata halikuwa kali. Wiki sita sikuweza kufunga kifungo. Aliyenipiga ni rafiki yangu wa miaka mingi, na lililoniuma zaidi ya kidole ni kumuona akishindwa kula mezani siku ile. Tangu hapo sikubali mgeni ashike hata nailoni kama glavu hazijatosha vidole vyote.

Na nyuma ya kichwa. Barakoa ya kawaida ya vitara ilitengenezwa kwa mchomo wa mbele. Wavu wa daraja la juu ni imara, sawa, lakini kisogo kiko wazi kabisa. Mtu wa siku ya kwanza hupiga kichwa kutoka pembe ambazo wewe hujazitarajia, na mwenyewe hugeuka akakupa kisogo. Lazima kuwe na kifuniko cha nyuma.

Jingine ni familia. Mimi nimepoteza sikukuu nyingi kwa mchezo huu. Nilikuwa naondoka Ijumaa narudi Jumatatu, wazazi wangu wananiona picha. Kwa hiyo wewe uliyeutandaza nyuma ya nyumba, mama mkwe akahesabu na mtoto akarekodi, umefanya jambo ambalo mimi nilichelewa kulifikiria. Hata ungepigwa 10 kwa 0.

#22 MpiniMrefu
Asante dada, pole kwa kidole. Glavu zilikuwa zile nzito zenye magamba ya plastiki, jozi mbili, zote kamili. Kisogo kilifunikwa kwa shemeji. Changu Jumamosi hakikufunikwa, nimejifunza.

#23 MamaPacha
DadaDeraya umenifanya nikaangalie glavu za wanangu sasa hivi. Deraya yako ina uzito gani?

#24 DadaDeraya
Karibu kilo 28. Miguuni ndipo unapolipia. Kuna utafiti ulichapishwa 2011, watu walitembezwa kwenye mashine wakiwa ndani ya deraya, na nguvu iliyotumika kutembea ilikuwa kama maradufu. Sababu moja kubwa ni ule uzito wa miguuni, kila hatua unaurusha mbele tena. Mimi huwa najua raundi imekwisha kwa mapaja yangu kabla ya filimbi.

#25 HesabuKwanza
Turudi kwenye mada. Jumatatu ilikuwaje?

#26 MpiniMrefu
Haya.

Jumapili asubuhi nilikaa na shemeji saa mbili nzima. Nikamfundisha mikao minne, namna ya kupiga hatua ya kupishanisha miguu, kinga mbili, na pigo lake lile la hasira nikalinyoosha: mikono mbele kwanza, ncha imtazame mtu badala ya kuzungushwa nyuma ya kisogo. Anajifunza haraka, nilifurahi sana. Hata watoto walijipanga nyuma yake wakamfuatisha kwa vijiti.

Jumatatu mchana rafiki yangu wa klabu akaja na upanga wa pili wa chuma, wa mazoezi, usio na makali na wenye ncha iliyokunjwa. Nikasema sasa tucheze kwa chuma. Raundi 10, mama mkwe kwenye kiti, simu kwa binti.

Mimi 8, shemeji 2. Kufa wote, hakuna hata moja.

Jumamosi bila kufundishwa alikuwa hatari. Baada ya kufundishwa nilimpita. Furaha ya ushindi sikuipata vizuri, kwa sababu nahisi nimemharibu.

#27 BapaTupu
Umemharibu ndiyo, lakini kwa muda. Jumamosi alikuwa na jambo moja kichwani. Jumatatu alikuwa na manane. Kila mwanafunzi hupita hapo, mwezi wa kwanza unacheza vibaya kuliko siku ya kwanza. Akivumilia atarudi.

#28 NchaMbele
Au chuma kimemtia woga! Ndicho nilichosema #5. Bapa la chuma linapolia karibu na sikio, hata kama halina makali, mwili unaelewa. Hakuingia tena kama nyati, ndiyo maana hamkufa wote hata mara moja. Hii ndiyo hoja yangu imesimama mbele yenu.

#29 FundiBapa
Chuma, ndiyo, ila kwa sababu nyingine kabisa. Nailoni inateleza na kuyumba. Panga mbili za nailoni zikikutana hazishikani, zinapitana au zinaruka. Ufundi wa Kijerumani unaishi pale panga zinaposhikana: unahisi kama mwenzako anasukuma au amelegea, kisha unaamua. Walikuwa na maneno matatu, Kabla, Baada na Papo Hapo, na Papo Hapo ndiyo hiyo ya mkononi. Jumamosi MpiniMrefu alikuwa kama kiziwi, nailoni haikumwambia kitu. Jumatatu chuma kikaongea naye, na shemeji hajui lugha hiyo bado.

#30 HesabuKwanza
Umebadilisha vitu vinne kwa pamoja. Somo, chuma, siku mbili za kumzoea, na mkono wa shemeji ambao lazima ulikuwa umechoka. Hakuna anayeweza kusema ni kipi. Raundi 10 nyingine za nailoni Jumatatu hiyo hiyo zingetusaidia sana.

#31 Kimbunga77
Na chuma ni kizito kuliko nailoni. Nilisema uzito tangu #2.

#32 FundiBapa
Ulisema kilo 10, ndugu yangu.

#33 MamaPacha
Kuna swali hakuna aliyeuliza. Huyu shemeji anafanya nini siku zingine? Isije ikawa tunamwita mgeni mtu ambaye macho yake yamezoeshwa.

#34 MpiniMrefu
Anacheza mpira wa meza. Tangu shule, kila wiki, na amewahi kucheza mashindano. Sikuwaza kwamba inahusika.

#35 MamaPacha
Inahusika mno! Kijana wa mpira wa meza anasoma bega na kiwiko kabla mpira haujaondoka. Na mkono wake haujui kusitasita. Hakuwa mkulima wa MzeeWaNgao huyo.

#36 MzeeWaNgao
Mkulima naye alikuwa na macho, mwanangu. Ila nakubali, hilo ni zito.

#37 ShemejiMwenyewe
Wakuu salaam. Dada yangu ndiye aliyenitumia uzi huu. Mmenijadili vya kutosha, niseme langu.

Sikuwa nakuja bila woga, NchaMbele. Niliogopa sana, hasa kidole. Nilikuwa naingia haraka ili iishe.

Na sikuwa naangalia upanga. Shemeji alinionya niangalie mtu mzima, sikuelewa maana yake, nikatafuta kitu kimoja cha kuangalia. Nikaona kisigino chake cha kulia. Kabla hajapiga kinainuka. Kikiinuka tu, napiga. Sikujua kama ni halali, ndiyo maana sikumwambia.

#38 MpiniMrefu
Kisigino?

#39 ShemejiMwenyewe
Cha kulia, shemeji. Muulize binti, yeye ndiye alikuwa amekaa chini na simu.

#40 BapaTupu
George Silver, Mwingereza, aliandika haya mwaka 1599. Mkono utangulie mguu. Mguu ukitangulia, muda wote unaoutumia kusogea umempa adui, na yeye anakuwa na muda wa mkono tu. Mkono ni mwepesi kuliko mguu siku zote. MpiniMrefu, unatangulia kwa mguu miaka minne na klabuni hakuna aliyekuambia, kwa sababu pengine nao wanatangulia kwa mguu.

#41 MpiniMrefu
Nimetoka kuitazama tena, polepole, na binti yuko pembeni yangu. Raundi ya 2, ya 5 na ya 9, zile zake safi. Kisigino kinainuka, halafu mikono yangu ndiyo inaanza. Iko wazi kabisa. Asante shemeji, hili ni zawadi.

#42 HesabuKwanza
Na video ya Jumatatu? Kisigino kimetulia?

#43 MpiniMrefu
Nimeangalia zote 10. Kinainuka vile vile. Hata kwenye zile 8 nilizoshinda.

#44 HesabuKwanza
Basi kisigino peke yake hakielezi.

#45 NchaMbele
Shemeji, Jumatatu ulikuwa unakiangalia?

#46 ShemejiMwenyewe
Hapana. Jumatatu nilikuwa nakumbuka Jembe linashikwaje. Na bega lilikuwa linauma.